Sare ya Kumi na Sita

Watu thelathini na saba walikuwa ukumbini Jumamosi ile, na kati yao ni Kahongya peke yake aliyekuwa akimwomba Mungu asipatikane mshindi. Wengine wote walikuwa wamechoka. Walikaa kwenye viti vya parokia tangu saa saba mchana, pale Vulamba, mjini Butembo, wakiwatazama watu wawili wakicheza chesi, na ilipokaribia saa kumi na moja wale wawili wakatazamana, wakapeana mikono, wakasimama. Sare. Ilikuwa sare ya kumi na tano katika michezo kumi na tisa.

Kahongya aliiegemeza fimbo yake ukutani. Alikuwa seremala, mtu wa miaka hamsini na sita, na ndiye aliyeuchonga ule ubao mkubwa uliotundikwa mbele ya watu, wenye kete zinazoning'inia kwenye misumari. Wachezaji walicheza mezani. Yeye, kwa fimbo yenye ndoano, alizihamisha kete ukutani ili waliokaa nyuma nao wafuate. Hakulipwa kitu kwa kazi hiyo. Klabu ilianzishwa na mwanawe Hénock, na tangu Hénock alipokosekana, baba ndiye alishika fimbo.

Sagesse, dereva wa pikipiki ambaye hajawahi kuficha analofikiri, alikuwa wa kwanza kusema.

"Papa Kahongya, saa ine muzima niko naangalia batu babili banakuna kidevu. Kisha banapeana mukono, banaenda kunywa chai. Hii ni kintu gani? Hata bale bakubwa ba dunia, nabaona mu telefone, ni nulle, nulle, nulle. Ni sawa kuenda mu ndoa, bibi na bwana hawajibu ndiyo wala hapana, padri anafunga kitabu, munarudi kwenu."

"Nulle haiko uvivu," Kahongya alimjibu. "Ni batu babili, na hakuna mwenye alikosea."

"Basi bakosee kidogo, papa. Siye tunakuyaka kuangalia makosa."

Watu wakacheka, na Kahongya naye akajitia kucheka. Alikuwa na hoja nyingi za kuitetea sare, ambayo wao huiita nulle, na zote alizitoa kwa sauti tulivu ya mtu mwenye elimu: kwamba anayefuata mchezo kwa makini huona vita hata pale ambapo damu haikumwagika, kwamba kujiokoa ni ufundi kuliko kuua. Hoja zilikuwa nzuri, na nusu yazo aliziamini. Lakini tusimsifu bure. Angekuwa hana shida yake mwenyewe, angelalamika kama Sagesse, tena kwa kelele zaidi.

Kabla watu hawajatoka, Ézéchiel, rais wa ligi, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwamuzi, alisimama na karatasi. Tazama, alisema, tulianza na watazamaji mia tatu, leo siwahesabu kwa aibu. Sheria ilikuwa kwamba wa kwanza kushinda michezo mitatu ndiye bingwa wa Grand Nord, yaani Butembo na Beni, na sare hazihesabiwi. Kavuo wa Butembo anayo miwili, Mukendi wa Beni anayo miwili, na hapo tumekwama. Kwa hiyo Jumamosi ijayo, Beni, ni mchezo wa mwisho. Atakayeshinda ni bingwa na atachukua kombe. "Na kama ni nulle tena, tunafunga. Champion hakuna, coupe inabakia mu bureau, kila mutu arudi kwake."

Kahongya alishika ukingo wa ubao. Sare moja tu zaidi.

Sababu yenyewe ni hii. Miaka miwili na miezi minane kabla, Hénock alikwenda kununua kakao upande wa Kamango na hakurudi. Waasi walivamia, wakaua watu wanne na kuondoka na tisa. Mmoja wa wale tisa alitoroka baada ya mwaka, akasema alimwona Hénock hai, amebeba gunia la chumvi mgongoni. Mwingine akatoroka baadaye, akasema hakumwona kabisa. Kahongya alilishika neno la yule wa kwanza na kulitupa la wa pili.

Katika ukoo wao, mtu akipotea na mwili wake usipatikane, mgomba hukatwa, ndugu wakaufunga sanda, wakauzika kwa jina lake. Katekista wa kanisa hugeuza uso kidogo asione. Kabla ya hapo hakuna matanga, hakuna misa ya marehemu, na mke si mjane wala si mke. Baada ya hapo mtu amekufa, na asije akatokea mlangoni, maana hata mama yake atamkimbia. Anayeukata mgomba lazima awe baba. Hakuna mwingine.

Wajomba wa Adèle, mke wa Hénock, walikuja miezi mitatu iliyopita kudai siku ya mgomba. Kahongya alibanwa mbele ya watu kumi na wawili, na akiwa na haya na hasira akasema: "Niko na hii championnat ya mutoto yangu. Siku champion atapatikana, nitakata mgomba na mukono yangu." Wajomba wakakubali. Wakati huo wachezaji walikuwa wamekwisha kushinda miwili miwili, na kila mtu alijua Jumamosi mbili au tatu zingetosha.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeshinda. Jumamosi kumi na tatu mfululizo, Butembo na Beni, Beni na Butembo, sare. Mwanzoni Kahongya alifurahi tu kama mtu aliyeahirishiwa kesi. Kisha akaanza kuamini. Akaanza kuona kwamba kila sare inamshika Hénock mkono huko msituni, inamlisha, inamvusha mto, na kwamba siku mmoja wa wale wawili atakaposhinda, ule mkono utaachiwa. Hakumwambia mtu. Alijua ni upuuzi, na aliuamini.

Jioni ile alimkuta Adèle uani akichagua maharagi, mtoto Providence amelala kwenye mkeka karibu naye. Adèle hakuinua kichwa.

"Bamefanya nini?"

"Nulle."

"Nilisikia na ya juma yenye inakuya. Nulle ikikuya tena, champion hakuna. Na weye utasema neno yako haijafika."

Kahongya alikaa kwenye kibao. Ndivyo hasa alivyokusudia kusema, na alikuwa ameyapanga maneno njia nzima.

"Papa," Adèle akasema, "juzi nilienda tena Beni. Balileta batu kumi na ine bametoka mu pori. Niliangalia sura moya moya. Ni mara ya kumi na moya. Mama mumoya ananiuliza, unatafuta nani? Nikashindwa kama niseme bwana yangu ao marehemu. Nikasema tu, natafuta mutu." Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharagi. "Nachoka. Niko muke wa hakuna mutu. Kama atarudi, arudi leo. Kama amekufa, munipe nilie."

"Yule kijana alimuona na macho yake."

"Alimuona ni mwaka muzima na zaidi imepita, papa."

Kahongya alimpenda huyu mkwe wake, na usiku na mchana alimwogopa. Alitamani apige kelele, amtukane, ili naye apate pa kusimama. Lakini Adèle aliendelea na maharagi yake, na Kahongya akaingia ndani kufungua misumari ya ubao aliokuja nao kutoka ukumbini, kwa sababu ulitakiwa kusafiri.

Alifika Beni siku ya Ijumaa, ubao umetenganishwa vipande viwili juu ya gari la mizigo. Kwenye kizuizi askari waliuliza kama ni mlango au jeneza, akawaambia ni jeu, ubao wa mchezo, wakampisha. Hakwenda kwa rafiki aliyezoea kulala kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mukendi.

Blaise Mukendi alikuwa mwalimu wa hesabu aliyeletwa na serikali kutoka Kasai, mwembamba, miaka thelathini na minne, anaishi peke yake katika chumba kimoja chenye vitabu na ndoo. Alikuwa akisahihisha karatasi za wanafunzi. Alimpa mgeni kiti chake, yeye akakaa kitandani.

"Prof," Kahongya akasema, "nimekuya kukuomba nulle."

Akamweleza yote: Kamango, gunia la chumvi, wajomba, mgomba. Alipomaliza alishuka kwenye kiti akapiga magoti kwenye simenti, mtu mzima mbele ya kijana, na Mukendi akaruka kumwinua kwa kwapa kana kwamba ameona moto.

"Papa Kahongya, hapana, hapana. Simama kwanza." Alimkalisha tena, na muda mrefu akawa anapangusa miwani yake kwa shati. "Kila juma mi nasikia batu banasema, bale babili banaogopana, banapanga. Hata ku école batoto banasema vile. Mais hata moya hatukupanga. Kumi na tano zote, mi na Kavuo tulizitafuta na jasho, paka Mungu njo anajua. Kama leo napanga moya, zile zote zinakuwa uongo."

"Na mutoto yangu?"

Mukendi aliivaa miwani. Alitazama karatasi za wanafunzi.

"Nitacheza vile najua," akasema mwishoni. "Kama nulle iko ndani, nitaitafuta mpaka mwisho. Hiyo tu njo naweza kukupa."

Kahongya aliondoka akiwa amekasirika. Njia nzima alimtukana kimoyomoyo, yeye na Kasai yake na uadilifu wake. Ilimchukua hadi asubuhi kuona kwamba alikuwa amepewa kitu, hata kama si chote.

Jumamosi ukumbi wa Beni ulijaa hadi madirishani. Habari kwamba leo ni mshindi au basi ilikuwa imewarudisha wote waliochoka, na zaidi ya mia mbili walikuwa ndani kufikia saa sita. Sagesse alikuwa amekuja na pikipiki yake kutoka Butembo, amekaa mstari wa mbele na karanga. Kahongya aliwatazama akawachukia mmoja mmoja. Walikuwa watu wazuri, wenye misiba yao, maana Beni hakuna asiye na msiba, na walitaka mara moja tu kuona jambo likiisha. Hilo alilielewa, na bado aliwachukia.

Kavuo alicheza na kete nyeupe. Alikuwa muuguzi, mwanamke asiye na haraka, na siku hiyo alicheza vizuri kuliko siku zote. Saa mbili za kwanza alimsogeza Mukendi polepole hadi ukutani. Saa ya tatu akamla askari mmoja, kisha wa pili. Kila mara Kahongya alilazimika kuinua fimbo na kuitoa kete ya Mukendi kwenye msumari mwenyewe, na kuitia kwenye mfuko wa aproni. Jasho lilimtiririka mgongoni. Nyuma yake ukumbi ulianza kunong'ona kwa raha, na kufikia saa tisa na nusu hata asiyejua kuzipanga kete alijua kwamba Mukendi amekwisha.

Ndipo Kahongya alipoiona.

Mfalme wa Mukendi alikuwa amebanwa kwenye kona, hawezi kusogea bila kujiua. Askari wake wawili waliobaki walikuwa wamezibwa mbele. Kitu pekee chake kilichoweza kutembea kilikuwa ngome moja. Na sheria ya mchezo inasema kwamba mfalme akikosa pa kwenda huku hajashambuliwa, na kama hakuna kete nyingine ya kusogeza, basi ni sare, hata kama mwenzake ana jeshi zima. Kwa hiyo Mukendi alitakiwa kufanya jambo la kiwazimu: kuitoa ngome yake bure, kuiweka pua kwa pua na mfalme wa Kavuo, iliwe. Kavuo akiila, ni sare. Asipoila, ile ngome itamfuata mfalme wake nyumba kwa nyumba bila kuchoka, na itakuwa sare vilevile.

Ilikuwa pale wazi ukutani, kubwa kama mlango, na hakuna aliyeiona. Mukendi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Saa yake ilikuwa imebaki na dakika sita, kisha tano. Hakusogea. Kahongya alimtazama, akatazama ubao, akamtazama tena. Iangalie, prof. Iangalie ngome. Dakika nne. Mukendi akautoa mkono mmoja kichwani, na ule mkono ukaelekea upande wa mfalme, pale ambapo mtu huulaza mfalme wake chini anapokubali kushindwa.

Fimbo ilipanda. Kahongya baadaye aliapa kwamba hakuiamuru, na mimi namwamini, ingawa haibadilishi kitu. Ndoano iliishika ngome ya Mukendi, ikaitoa kwenye msumari wake, ikaivusha ubao mzima mbele ya watu mia mbili na kuitundika pua kwa pua na mfalme wa Kavuo.

Sagesse aliacha kutafuna.

"Kahongya," Ézéchiel alisema kutoka mezani, "nani amecheza ile?"

Mukendi aliinua macho ukutani. Kavuo pia. Kete za mezani zilikuwa pale pale, hakuna iliyoguswa.

"Mukono iliteleza," Kahongya alisema, na akairudisha ngome mahali pake. Alikosa msumari mara mbili.

"Partie inaendelea," Ézéchiel akasema, na sauti yake haikuwa nzuri.

Dakika tatu. Mukendi aliangalia ile ngome ya mezani muda wote uliobaki. Aliuweka mkono karibu yake, akaurudisha mapajani. Kahongya hakuficha tena. Alikuwa amegeuka kabisa, mgongo kwa ubao, akimtazama mwalimu kwa uso wa mtu anayeomba maji. Mukendi alimtazama naye, mara moja. Kisha akamlaza mfalme wake chini, akampa Kavuo mkono, akasema bila kupaza sauti: "Naacha."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipanda viti, Sagesse akapiga mbinja, wanawake wa Butembo wakapiga vigelegele, na mtu akaanza kuimba na wote wakamfuata. Baada ya sare kumi na tano, mtu alikuwa ameshinda. Kavuo alibebwa juu, na hakuwa akicheka. Huko Butembo simu zilikuwa zikilia tayari.

Mukendi alimkuta Kahongya nyuma ya ukumbi, amekaa juu ya kipande cha ubao wake.

"Niliiona, papa."

"Uliiona wakati miye nilikuonyesha."

"Hapana. Dakika kumi mbele yako. Nilikuwa nahesabu tena na tena, ju nisikosee. Ile mukono nilitoa ku kichwa, nilikuwa natafuta mouchoir nipanguse, jasho ilikuwa inaniingia mu macho. Ilikuwa mu mufuko upande ule."

Kahongya aligeuka kumtazama.

"Ningeicheza," Mukendi akasema. "Mais kisha ya pale, batu mia mbili baliona ni weye uliicheza. Ningeweka ile tour, ile ngome, ingekuwa nulle ya kuibwa. Sikuweza. Unisamehe, nilijaribu hata kuweza, sikuweza." Alikuwa akilia, mwalimu wa hesabu, bila kujificha. Kahongya hakulia. Alitazama mkono wake wa kulia, na kama angekuwa na msumeno pale angejua la kufanya nao.

Aliuacha ubao Beni. Kama ungemuuliza angesema gari lilikosa nafasi.

Jumatatu asubuhi Adèle alimngoja Kahongya uani akiwa amekunja kitambaa cheupe kwenye mkono. Hakumuuliza habari za mchezo. Walishuka pamoja kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, yeye na panga mbele, Adèle nyuma, na umande ulilowesha miguu yao. Kahongya alichagua mgomba wa kwanza akaukata kwa mapigo matatu, akautoa majani, akausimamisha.

Adèle alisimama kando yake. "Hii ni mufupi. Alikuwa ananipita kichwa muzima."

Akakata wa pili. Adèle aliuzunguka. "Munene sana. Hénock hakukuwa munene."

Wa tatu ulikuwa umepinda. Wa nne ulikuwa mrefu sawasawa; Adèle aliusogelea, akasimama kifua kwa kigogo, akaegemeza paji la uso pale ambapo lilikuwa likifikia zamani, na akakaa hivyo hadi utomvu ukamchafua nywele. Kisha akarudi nyuma akatikisa kichwa. "Haiko hii. Kata ingine, papa."

Akakata wa tano. Mikono yake ilikuwa imeungua kwa utomvu, migomba minne imelala kwenye matope. Huyu Adèle ndiye aliyengoja Jumamosi kumi na tatu. Huyu ndiye aliyesema mnipe nilie. Na sasa alisimama mbele ya mgomba wa tano akiutafutia kosa, macho yakiwa yametoka, kitambaa amekikumbatia kifuani, na Kahongya akaona wazi kwamba wa sita pia hautafaa, wala wa saba. Shamba lilikuwa kubwa. Wangeweza kuendelea hadi jioni, na kesho, na hakuna ambaye angekuwa amekufa. Alilitamani jambo hilo kwa mwili mzima, kwa namna ambayo hakuwa amewahi kuitamani hata sare.

"Hii nayo," Adèle alianza, "hii nayo iko..."

Kahongya alipangusa panga kwenye majani, akaliweka chini. Akaushika mgomba kichwani, akaulaza taratibu.

"Hii njo yeye, Mama Providence," akasema. "Shika upande wa miguu."